Neno Ndilo Nahodha: Wimbo wa Kigregori na Kiswahili katika Kwaya za Eastlands

Ya kale ni dhahabu, wahenga walinena. Usemi huu umekuwa kimbilio la kila anayetaka kurudisha jambo lililokwisha kuachwa. Aghalabu hutajwa bila ya mtajaji kujiuliza ni sehemu ipi hasa ya hayo ya kale iliyo dhahabu, na ni ipi iliyo vumbi tu lililoganda juu yake. Swali hilo linafaa kuulizwa leo katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ambako wimbo wa Kigregori, yaani uimbaji wa kale wa Kanisa Katoliki la Kilatini, umepata tena wapenzi miongoni mwa vijana ambao hata wazazi wao hawakuwahi kusoma Kilatini.

Anayehudhuria Misa ya sherehe kubwa katika parokia za mitaa hii, iwe ni Buruburu, Jericho, Makadara, Kayole au Dandora, hatashangaa kukutana na mambo mawili katika ibada moja. Kwanza kuna ngoma, kayamba, kinanda cha umeme na vigelegele. Kisha ala zote hunyamaza, na kwaya ikaimba sehemu za Misa ya Malaika kwa Kilatini, sauti moja, pumzi moja. Waimbaji ni makarani, mafundi, wauguzi, wanafunzi wa vyuo na wachuuzi wanaofanya mazoezi jioni baada ya kazi. Noti zao wamezipata kwenye intaneti, na rekodi za watawa wa Ulaya wamezihifadhi kwenye simu. Langoni huzungumza Sheng. Ndani wanasahihishana matamshi ya Kilatini.

Jambo hili ni la kupongezwa. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba thamani ya wimbo wa Kigregori haimo katika Kilatini chake wala katika ukale wake. Thamani yake imo katika nidhamu moja: kwamba neno ndilo nahodha na mahadhi ni chombo. Kwaya zitakazorudisha wimbo huu bila ya kuihamishia nidhamu hiyo katika Kiswahili zitakuwa zimerudisha ganda na kuacha kiini. Na kwa kuwa suala lenyewe ni la lugha, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawana udhuru wa kuliachia makasisi na walimu wa kwaya pekee.

Safari ya wimbo

Wimbo huu umepewa jina la Papa Gregori wa Kwanza, aliyeliongoza Kanisa kati ya mwaka 590 na 604. Lakini wanahistoria wa muziki wamekwisha kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya hazina hiyo ilipata umbo lake katika karne ya 8 na ya 9, pale uimbaji wa Roma ulipopelekwa katika nchi ya Wafaranki na kuchanganyika na uimbaji wa wenyeji. Kwa hiyo hata kile kinachoitwa asili kilikuwa mseto tangu mwanzo. Isitoshe, baadhi ya nyimbo zinazopendwa zaidi si za kale kama inavyodhaniwa. Kyrie ya Misa ya Malaika ni ya karne ya 15 au ya 16, na ile Nasadiki ambayo vitabu huiita Credo ya Tatu ni ya karne ya 17. Watunzi wa karne hizo hawakuona vibaya kutunga upya kwa mtindo wa wazee wao.

Ufufuzi nao si jambo la jana. Mwaka 1833 Prosper Guéranger alianzisha tena utawa wa Kibenedikto huko Solesmes, Ufaransa, na watawa wake wakatumia miongo mingi kulinganisha miswada ya kale ili kujua nyimbo zilivyoimbwa kabla ya kukatwakatwa na wahariri wa karne za baadaye. Mnamo Novemba 22, 1903, Papa Pius wa Kumi alitoa waraka ulioufanya wimbo huo kuwa kigezo cha muziki wa ibada. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya Desemba 4, 1963, uliupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza, mambo mengine yakiwa sawa. Nje ya kuta za kanisa, watawa wa Santo Domingo de Silos nchini Uhispania waliushangaza ulimwengu mwaka 1994 rekodi yao ilipouzwa kwa mamilioni ya nakala. Hivi karibuni zaidi, Mei 11, 2025, Papa Leo wa Kumi na Nne aliimba sala ya Malkia wa Mbingu kwa Kilatini mbele ya umati uliokusanyika Roma, na picha za tukio hilo zikaenea kote duniani.

Afrika Mashariki na Kati haikuwa mtazamaji tu katika safari hii. Huko Kamina, Kongo, mwaka 1958, Padre Guido Haazen na kwaya yake walitoa Missa Luba, ambamo maneno ya Kilatini yalivishwa mahadhi ya Kikongo. Mwaka 1990 kwaya ya Kenya, Muungano National Choir, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi Misa hiyo upya. Katika nchi ya Tanganyika, Padre Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 kitabu kilichochunguza namna sheria za Kanisa juu ya muziki mtakatifu zinavyohusiana na muziki wa Kibantu. Hapa Kenya, Kanisa la Legio Maria, lililojitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960, liliendelea kutumia Kilatini katika ibada zake hata baada ya Wakatoliki wenyewe kukiweka kando. Waumini wake hawakosekani katika mitaa ya Nairobi. Kwa hiyo anayedai kwamba Kilatini ni mgeni aliyeingia Eastlands kupitia intaneti hajaitazama historia vizuri.

Pingamizi mbili

Wapo wanaoupinga ufufuzi huu kwa hoja ya ukoloni. Wanasema kwamba Waafrika walinyimwa ngoma zao makanisani kwa miongo mingi, na kwamba vijana wanaorudi kwenye Kilatini wanaikaribisha tena minyororo ambayo babu zao waliivua. Hoja hii ina uzito wake na haifai kudharauliwa. Mitaa ya zamani ya Eastlands, kama vile Kaloleni, Makongeni na Bahati, ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika ambao jiji liliwataka kwa jasho lao tu. Kwa watu kama hao, kuimba kwa lugha yao na kwa ngoma yao kulikuwa sehemu ya kurudishiwa utu.

Lakini hoja hiyo husahau kwamba tenzi za kimishenari zilizoletwa pamoja na ukoloni, zenye vipande vilivyopimwa kwa mdundo wa Kiingereza au Kijerumani, ndizo zilizokitesa Kiswahili zaidi kuliko wimbo wa Kigregori. Husahau pia kwamba ile solfa inayotumiwa na kila kwaya ya mtaani ina mzizi katika kazi ya mtawa Guido wa Arezzo, wa karne ya 11, aliyeyapata majina ya sauti zake katika silabi za utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Mwimbaji wa Umoja anapofundishwa do, re, mi, tayari anashika ncha ya uzi huo. Muziki ukishaingia kinywani mwa watu hauulizwi tena pasipoti. Huulizwa unawafaa nini.

Pingamizi la pili hutoka upande wa pili kabisa. Wapo wapenzi wa wimbo huu wanaoamini kwamba Kigregori bila ya Kilatini si Kigregori, na kwamba kuuimba kwa Kiswahili ni kuuharibu. Baadhi yao huchanganya suala la wimbo na suala la Misa ya zamani, ambayo Papa Benedikto wa Kumi na Sita aliipanulia nafasi mwaka 2007 na Papa Fransisko akaibana tena mwaka 2021. Mambo haya mawili ni tofauti. Wimbo wa Kigregori una nafasi katika Misa ya kawaida inayoadhimishwa kila Jumapili, na hakuna waraka wowote kati ya hizo mbili ulioiondoa nafasi hiyo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kila upande hunukuu nusu ya hati ileile. Wapenzi wa Kilatini hushika fungu la 116 linalosifu wimbo wa Kigregori. Wapenzi wa ngoma hushika fungu la 119 linalotaka mapokeo ya muziki ya mataifa yapewe heshima inayostahili. Mafungu haya yamo katika sura moja, na waliyoyaandika ni watu walewale. Anayeyasoma pamoja ataona kwamba swali halikuwa Kilatini au ngoma. Swali lilikuwa ni muziki upi unaolitumikia neno la ibada.

Neno na mahadhi

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kusogeza kiti karibu. Katika wimbo wa Kigregori hakuna mdundo unaohesabika kama hatua za askari. Urefu wa sauti hutokana na neno, na mahadhi hupanda na kushuka kwa kufuata mkazo na maana ya sentensi. Katika uimbaji wa zaburi, noti moja hubeba silabi nyingi, nyingi kadiri ya matakwa ya mstari, kisha mwishoni mahadhi hugeuka kidogo kuonyesha kituo.

Utaratibu huu unakifaa Kiswahili kuliko watu wanavyofikiri. Kiswahili ni lugha ya maneno marefu. Neno moja kama vile *tutakapokusanyika* lina silabi nane, na peke yake humaliza kipande kizima cha utenzi. Mtafsiri anayelazimika kulitia neno hilo katika tuni ya Kiingereza iliyopimiwa maneno ya silabi moja moja hana budi ama kulikata ama kuukimbiza mdundo. Noti ya kukariri ya Kigregori hailalamiki: inabeba silabi nane kama inavyobeba tatu. Zaidi ya hayo, mkazo wa Kilatini huweza kuwa kwenye silabi ya pili au ya tatu kutoka mwisho, na ndiyo maana vituo vya zaburi vya Kilatini huhitaji noti ya ziada kwa maneno kama *Dominus*. Mkazo wa Kiswahili, isipokuwa katika maneno machache, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kituo kimoja kingetosha karibu kila mstari.

Wala nidhamu hii si ngeni kwetu. Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichochapishwa mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika lina kasoro. Tenzi za pwani hazikutungwa zisomwe kimya. Zilighaniwa, na mghani mzuri alijulikana kwa kuwa kila neno lake lilisikika hata na aliyeketi mlangoni. Katika Eastlands yenyewe, watoto wa madrasa za Pumwani hufundishwa tajwidi, elimu inayowaeleza ni irabu ipi ivutwe na ivutwe kwa kiasi gani, kwa kuwa kuvuta pasipostahili kunaweza kubadilisha maana ya neno tukufu. Huko Dandora, kundi la Kalamashaka lilipotoa *Tafsiri Hii* mwishoni mwa miaka ya 1990, lilionyesha kwamba Kiswahili cha mtaani kinaweza kukaa juu ya mdundo bila ya kupoteza makali ya neno hata moja. Mghani, msomaji wa Kurani na mfokaji wa Dandora hawaamini jambo moja, lakini wote watatu wanajua kwamba sauti isiyolitii neno ni kelele.

Alikufa au alikufaa?

Sasa itazamwe hali ilivyo katika kwaya nyingi. Wimbo wa Kilatini unapoandaliwa, mwalimu hutumia jioni nzima kusahihisha matamshi. Hutaka *c* isikike hivi na *g* isikike vile, na kila irabu iwe safi. Wimbo wa Kiswahili unapofuata, mwalimu huyohuyo hutupa nakala na kusema, hiki ni Kiswahili, mnakijua. Hapo ndipo balaa huanzia, kwa maana lugha inayodhaniwa kujulikana ndiyo isiyochungwa.

Mfano wa kwanza ni wa urefu wa irabu. Neno *alikufa* na neno *alikufaa* hutofautishwa na irabu moja tu mwishoni. Mtunzi anapoweka noti tano za madoido juu ya silabi ya mwisho ya *alikufa*, kwaya huivuta *fa* hiyo hadi msikilizaji anasikia *alikufaa*. Fumbo la wokovu hugeuka kuwa habari ya mtu aliyekuwa na manufaa kwako. Wanaocheka kanisani ni wachache, kwa sababu masikio yamekwisha kuzoea, na huko kuzoea ndiko kubaya zaidi.

Mfano wa pili ni wa mkazo. Kila mwanafunzi wa fonolojia amefundishwa jozi ya *barabara* ya kupitia na *barabara* ya sawasawa, ambazo hutofautishwa na shada pekee. Katika Kyrie, neno *eleison* huimbwa kwa silabi nne na mkazo wake upo kwenye ya pili. Neno la Kiswahili linaloshika nafasi yake, *utuhurumie*, lina silabi sita na mkazo wake upo kwenye *-mi-*. Anayemimina silabi sita katika kibuyu cha silabi nne bila ya kulisikiliza neno huiacha noti ya juu na nzito iangukie *-tu-* au *-hu-*, nayo *-mi-* ikapita kama abiria aliyekosa kiti. Muumini husikia tuni anayoijua lakini ombi lenyewe limepinda.

Mfano wa tatu ni wa silabi isiyo na irabu. Neno *mtakatifu* lina silabi tano, na ya kwanza ni *m* peke yake. Waimbaji wengi, kwa mazoea ya lugha zao za kwanza au kwa hofu ya kuimba konsonanti, hulipachika *u* na kupata *mutakatifu*. Ilhali *m* hiyo huimbika vizuri midomo ikiwa imefungwa, kwenye noti yake yenyewe. Inatosha mwalimu aionyeshe mara moja na kuidai kila mara.

Haya yote yanarekebishika, na ushahidi upo ndani ya ibada zenyewe. Makasisi huimba prefasio kwa Kiswahili kwa kufuata mahadhi ya kale. Usiku wa Jumamosi Kuu, Mbiu ya Pasaka huimbwa kwa Kiswahili gizani, mishumaa ikiwa mikononi, na waumini wa kila umri husimama wakiufuata utungo huo mrefu kwa sababu wanauelewa. Hakuna anayesema kwamba Mbiu hiyo si halisi kwa kuwa si ya Kilatini. Hatua hiyo imekwisha kupigwa altareni. Imebaki kupigwa katika jukwaa la kwaya.

La kufanywa

Mashindano na matamasha ya kwaya, kuanzia parokia hadi dekania na jimbo, ndiyo shule kubwa ya muziki katika mitaa hii. Kinachopewa alama huko ndicho kinachofanyiwa mazoezi. Pale ambapo wimbo wa Kilatini umepangiwa nafasi, ni haki kuwe na nafasi sawa ya wimbo wa Kiswahili uliotungwa kwa nidhamu ya Kigregori: sauti moja, bila ya ala, neno likiongoza. Majaji nao wasiwe wanamuziki pekee. Awepo angalau mmoja anayejua shada, silabi na lafudhi, na awe na alama za kutoa na za kunyima.

Pili, idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Nairobi ziko umbali wa nauli moja ya matatu kutoka Barabara ya Jogoo. Kila mwaka tasnifu huandikwa juu ya mizani, vina na bahari za ushairi, kisha zikalala kwenye rafu. Mwanafunzi anayeweza kueleza urari wa mizani darasani anaweza pia kukaa na mwalimu wa kwaya wa Kayole na kumwonyesha pahali ambapo noti imelikanyaga neno. Kazi hiyo ingekuwa isimu tumizi kwa maana yake kamili, na ingewapa watafiti jambo ambalo maktaba haiwezi kuwapa, yaani sikio la watu.

Tatu, watunzi wa mtaani wasiogope. Ikiwa watu wa karne ya 17 waliruhusiwa kutunga Nasadiki mpya kwa mtindo wa kale, hakuna sababu ya mtunzi wa Jericho kukatazwa kufanya hivyo kwa Kiswahili leo. Wala Kilatini kisifukuzwe. Hati ileile ya 1963, katika fungu la 54, ilitaka waumini waweze kuimba pia kwa Kilatini sehemu za Misa zinazowahusu, na si hasara kwa kijana wa Eastlands kuimba maneno yaleyale yanayoimbwa Manila na Krakow. Kinachokataliwa hapa ni kukiheshimu Kilatini kwa gharama ya Kiswahili.

Katika kila kanisa la mitaa hii yupo mama mzee aliyeketi benchi la nyuma, asiyejua noti wala Kilatini, ambaye alichoka wiki nzima na amekuja kusikia habari njema kwa lugha anayoielewa. Ufufuzi wa wimbo wa Kigregori utapimwa kwa sikio lake kabla ya kupimwa na jaji yeyote. Kristo alikufa, na kwa kufa kwake alitufaa. Ni wajibu wa kwaya kumwimbia mama huyo yote mawili, kila moja mahali pake.